Blanketi nililomfumia wifi linapigiwa pasi. Nimfumie jingine?

BARUA

Mshauri,

Sijui umri wako, kwa hiyo shikamoo naiacha hapa. Kama si yako utanirudishia.

Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Njombe. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikastaafu kwa hiari nilipofikisha miaka 55. Kufuma kwa kroshia nilijifunza nikiwa msichana, kwenye somo la sayansi kimu, na miaka yote ya kazi nilikuwa nafuma vitambaa vya makochi na vikofia vya watoto, basi. Mablanketi nimeyaanza baada ya kustaafu. Huku kwetu Juni na Julai sakitu inaanguka mpaka asubuhi majani yanakuwa meupe, kwa hiyo blanketi si pambo.

Nilianza na wajukuu, nikaja kwa watoto wa ndugu, kisha marafiki. Akijifungua mtu, nampelekea blanketi. Kijana akioa, blanketi. Mwenzangu tuliyefundisha naye alipofiwa na mume nilimfumia la kijivu na zambarau, na mpaka leo ananiambia halali bila hilo.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana nadhani uchungu wangu umetoka humo. Uzi mpya ni ghali, kwa hiyo mengi nayafuma kwa uzi wa masweta ya mtumba. Naenda gulioni, nachagua sweta pana ambalo mishono yake ya pembeni haikukatwa kwa mashine, maana lililokatwa ukilifumua unapata vipande tu. Uzi unatoka umejikunjakunja. Nauzungushia mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne usivurugike, naufua, nauanika na chupa ya maji nimeining'iniza chini yake ili unyooke. Hapo bado sijaanza kufuma. Kisha vipande vya mraba, kimoja kimoja, kila kimoja na ua lake katikati. Blanketi la mtu mzima linakula zaidi ya mia. Vikishatimia ndipo naviunganisha.

Desemba nilikwenda Dar es Salaam kwenye sherehe ya kumuaga binti wa binamu yangu, nikafikia kwa mdogo wangu wa kiume. Asubuhi natoka chumbani, nikamkuta binti wa kazi anapiga pasi mashati kwenye meza ya chakula. Chini ya shati kumekunjwa blanketi langu, lile la maruni na krimu nililompa wifi alipojifungua mtoto wa kwanza. Nilikuwa nimelifanya kubwa kusudi, ili mtoto akue nalo. Kwenye kona kuna alama ya pua ya pasi. Uzi umeyeyuka ukawa mgumu. Nilipopitisha kidole ukanikwaruza. Sikusema kitu. Nikauliza kama chai ipo.

Wifi alinikirimu sana, siwezi kumsingizia. Alipika, alininunulia doti ya khanga, alinisindikiza mpaka stendi. Lakini kila nilipopita pale mezani moyo uliniuma.

Sasa ni mjamzito, miezi saba. Juzi kanipigia: "Wifi, na huyu utamfumia la rangi gani?" Nikasema tutaona, nikasingizia mtandao unakatika, nikakata simu.

Nimebanwa. Nikifuma, najua litaishia wapi. Nisipofuma, mtoto huyu atakuwa mjukuu pekee wa mama yangu asiye na blanketi la shangazi yake, na mama yuko hai, anahesabu. Mdogo wangu naye atasema simpendi mkewe. Mume wangu ananiambia nimejifanya kiwanda cha bure, na kwamba fedha ya uzi ingetununulia mbolea ya miparachichi. Binti yangu anasema niache kugawa, niuze, na kweli yupo mama mwenye duka aliyesema ataagiza. Lakini daftarini nina majina ya watu walioniomba, wengine ndugu wa mbali sana. Nikianza kuuza hawa nitawaambia nini?

Hata mpwa wangu aliye Marekani alinitumia picha ya mwanawe amelala. Kitanda kitupu kabisa, hata mto hakuna, na blanketi langu limewekwa juu ya kiti. Nikajisemea, na huyu naye.

Mkono wa kulia siku hizi unakufa ganzi usiku.

Wazee walisema tenda wema uende zako. Mimi nimeshindwa kwenda zangu. Nifanyeje?

Mfumaji, Njombe


JIBU

Dada yangu mfumaji,

Shikamoo si yangu, nakurudishia, maana umenitangulia kwa miaka kadhaa. Na asante kwa habari ya chupa ya maji. Nilikuwa sijui uzi wa sweta unavyonyooshwa.

Kama nimekuelewa, una maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni la moyo: kazi ya mikono yako umeikuta imedhalilishwa kwenye nyumba ya mtu wa karibu, ukameza, na bado hujalitema. La pili ni la utaratibu: nani apewe, nani anunue, mpaka lini, na kwa fedha ya nani. Binti yako na mzee wanakujibu hilo la pili. La kwanza hawajalijibu, na pengine hujawaambia.

Tuanze na meza ya pasi. Uliona nini hasa? Ulimwona binti wa kazi akipiga pasi juu ya blanketi lako. Hukumwona wifi akimwelekeza, wala hukusikia kauli yake yoyote juu ya hilo blanketi. Inawezekana wifi analijua na halimsumbui. Inawezekana ni yeye aliyelikunja pale kwa mkono wake, sitaki kukudanganya. Inawezekana pia binti alifungua kabati akachukua kilichokuwa karibu. Lakini barua yako imeshamsomea wifi hukumu kwa ushahidi wa asubuhi moja, na mshitakiwa mwenyewe hajui kama kuna kesi.

Halafu kuna joto. Mimi naishi Dar es Salaam. Kuanzia Desemba hadi Machi tunalala na feni na khanga moja, na umeme ukikatika hata hiyo khanga tunaisukuma miguuni. Mtoto mchanga wa huku anatoka vipele vya joto shingoni na kwapani; ukimpeleka kliniki umemviringisha, nesi atakufokea mbele ya wenzio. Blanketi la uzi wa masweta, kubwa, zito, umelifuma ukiwa umekaa kwenye baridi unayoijua, kwa ajili ya mtoto uliyemfikiria kwenye baridi hiyo hiyo. Likafika nyumba isiyokuwa na baridi. Na nyumba zetu za mjini ni finyu, dada. Kitu kisichotumika kinapanda juu ya kabati, au kinapewa mtu wa kijijini, au kinatafutiwa kazi. Kwa kupigia pasi kinatafutwa kitu kinene, kipana, kisichoteleza. Unaona tulipofika. Sisemi halikuuma. Nauliza tu kama kabla ya kulifuma uliwahi kumwuliza wifi mwanawe anajifunika nini usiku.

Huyo mpwa wako wa Marekani naomba umwondoe kabisa kwenye orodha ya waliokukosea. Chama cha madaktari wa watoto cha kule, American Academy of Pediatrics, kinashauri mtoto asiyetimiza mwaka mmoja alale chali, kwenye godoro gumu lenye shuka iliyobana tu, bila blanketi, mto wala mwanasesere, kwa sababu ya vifo vya ghafla vya watoto wakiwa usingizini. Mashauri hayo wazazi wa kule wanapewa. Kitanda kitupu ulichokiona ni cha mzazi anayefuata alichoambiwa. Na blanketi lilikuwa kwenye kiti, ndani ya picha aliyoichagua yeye mwenyewe akutumie wewe. Mtu anayekidharau kitu chako hukisogeza kabla ya kupiga picha.

Ipo pia habari ya kutojua. Madukani yamejaa mablanketi ya kiwandani, laini, yana picha za simba na maua, na bei yake inashushwa na mitumba na mizigo ya China. Aliyezoea hayo anaona blanketi, anasema ni blanketi. Hajui kwamba sweta mashine inafuma, lakini kroshia mpaka leo ni kazi ya mkono. Hata kitambaa cha kroshia kinachouzwa dukani kuna mtu mahali fulani alikikalia na sindano yake. Je, wifi amewahi kukuona ukifumua sweta? Ameona daftari lako? Wewe umenieleza mimi, nisiyekujua, habari ya gulio na mgongo wa kiti na vipande zaidi ya mia. Nina wasiwasi kwamba yeye alipokea mfuko wenye blanketi na pongezi, basi.

Ule msemo ulioutaja una kipande cha mwisho watu wanachopenda kukiacha: usingoje shukrani. Niliposoma barua yako sikuona kuwa unalilia shukrani. Kwa ukarimu aliokuonyesha, nadhani siku ile alikushukuru vizuri. Kuna kitu kingine ulikuwa unakingoja, na hapa nakisia tu, unaweza kunikatalia. Mwalimu anaamkiwa na darasa zima kila asubuhi, wazazi wanamsimamisha njiani, kisha siku moja anakabidhi ofisi na hapigiwi simu tena. Mablanketi uliyaanza wakati huo huo. Yamekufikisha kwenye nyumba za watu hata wewe ukiwa Njombe umekaa. Kwa hiyo ulipoliona moja liko chini ya pasi, sijui kama ulihesabu uzi uliopotea au ulijiona wewe. Ni swali la kukaa nalo bila haraka, maana jibu lake linabadilisha kila kitu kinachofuata.

Haya, mtoto anakuja.

Unaweza kumfumia kama wengine na kunyamaza. Ni njia yenye amani kwa nje: mama yako atahesabu atakuta idadi imetimia. Hatari yake ni wewe. Utafuma miezi miwili ukiwa na neno kooni, na siku utakayorudi Dar es Salaam macho yatatangulia kulitafuta blanketi kabla hujamsalimia mtoto. Unajiamini kwamba utaweza kutolitafuta?

Unaweza kuacha. Una haki hiyo. Hakuna aliyekuandikia mkataba. Sheria ya kila mjukuu na blanketi lake uliitunga wewe, na aliyeitunga anaweza kuibadilisha. Ila ikibadilika kuanzia kwa mtoto huyu, hakuna atakayeamini kwamba ni mabadiliko ya sheria. Ukoo utatafuta sababu, na ukoo ukitafuta sababu hupata. Na kumbuka wifi atakuwa bado hajui kosa lake, kwa hiyo atajitungia la kwake.

Njia ya tatu ni kumfumia kitu cha joto la kwao. Shali jepesi la uzi wa pamba, dogo, la kumbebea kwenda kliniki au kumfunika miguu kwenye upepo wa feni huku mtu mzima akimwangalia. Matundu yawe madogo, kidole cha mtoto kisije kikanasa. Pamba inavumilia pasi kuliko huo uzi wa masweta, kama mkono wa binti wa kazi utateleza tena. Ubaya wake unaujua kuliko mimi: uzi wa pamba hautanuki, unachosha mkono, na mkono wako umeshaanza kulalamika. Hutaupata kwenye sweta la gulioni kirahisi, kwa hiyo mzee atauliza. Na mama yako anaweza kulishika akasema, mbona la huyu dogo? Itabidi uwe na jibu linalohusu hali ya hewa, na uwe unaliamini.

Kisha kuna kusema. Hapa naomba uangalie mlango utakaopitia. Ukipitia kwa mdogo wako, atafika nyumbani na shauri lenye jina la mkewe. Ukipitia kwa mama, litakuwa la ukoo kabla ya jua kuzama. Wifi mwenyewe ndiye aliyekupigia simu na kuuliza rangi, na hata swali lake lina pande mbili. Anaweza kuwa anauliza kwa sababu anayapenda mablanketi yako. Anaweza kuwa anauliza kwa sababu anaogopa asipouliza utaona amekudharau, yaani na yeye amebanwa kama wewe, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa blanketi ambalo hakuna anayelihitaji. Hutajua mpaka muongee. Ukimwambia, "Wifi, nilipokuja nililikuta lile la kwanza linapigiwa pasi, likaniuma, nikaona nikuulize kuliko kukaa nalo," umesema kweli bila kumtukana. Lakini jiandae. Alikupokea vizuri, akisikia hilo anaweza kuona kwamba wakati anakupikia, wewe ulikuwa unakagua nyumba. Aibu ya mwenyeji ni nzito, na mwenye aibu wakati mwingine hujibu kwa ukali.

Kuna mlango mwembamba zaidi, nimeufikiria kwa sababu ya ulivyoeleza kazi yako. Blanketi lako ni la vipande. Kilichoungua kikifumuliwa kwenye maungio kinatoka chenyewe, na kipya kinaingia mahali pake. Unaweza kumwambia alitume kwa basi la Njombe: "Niliona kuna kipande kimeungua, nitumie nikibadilishe." Umemwambia umeliona. Umemwambia lina mwenyewe. Hujauliza nani aliunguza. Atakalojibu litakueleza mengi: anaweza kusema "wifi, samahani, sikujua kama lilifika mezani," anaweza kulituma siku hiyo hiyo, anaweza kukwepa. Anaweza pia kukwambia kwa upole kwamba huku ni joto, halitumiki, bora ukae nalo wewe. Hilo la mwisho litauma, na litakuwa la kweli. Uko tayari kulisikia? Kama bado, usilifungue mwezi huu. Mwanamke wa miezi saba naye ana yake.

Sasa daftari. Kwa ndugu wa mbali na marafiki wa marafiki, mafundi cherehani wametangulia kupata dawa: leta kitambaa chako. Ukisema "atakayetaka alete uzi," wapo watakaoleta na wapo watakaonyamaza, na hakuna utakayekuwa umemnyima. Uwaambie wanunue wote kwa mara moja, maana bonge la leo na la mwezi ujao, hata kama dukani wanasema ni rangi ile ile, zikikaa pamoja zinakataana. Wengine watasema umekuwa wa biashara. Nadhani utaishi.

Kuuza kwa mama mwenye duka ni habari tofauti na sikusukumi. Fedha itamtuliza mzee, na ana hoja. Pensheni ni ya wote wawili na miparachichi haili maua ya kroshia. Mkae chini mkubaliane kiasi cha uzi kwa mwezi, muwe mnakijua wote. Lakini uliza kwanza mwenye duka anataka kulipa kiasi gani. Wafumaji wengi hulipwa fedha ya uzi na nyongeza ndogo. Siku ulizokaa nalo hazilipwi na mtu. Ukiona bei yake imekudharau kuliko pasi ya wifi, utakuwa umepata uchungu wa pili. Pia mtu akishaagiza ana tarehe yake. Sijui kama ulistaafu ili urudi kwenye ratiba. Pengine ndiyo, pengine umeikosa ratiba. Hilo unalijua wewe.

Ulilolitaja kwa mstari mmoja mimi nalirudia kwa mkazo: mkono. Ganzi ya usiku kwa mtu anayefuma mchana kutwa mara nyingi inatokana na mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ukiachwa ukabanwa muda mrefu vidole vinapoteza nguvu. Nenda hospitali ukaonwe wiki hii, usingoje mtoto azaliwe. Kwa sasa fuma vipindi vifupi, pumzisha kifundo, na shina la sindano liviringishie kitambaa liwe nene, ili usilikabe. Wifi akipiga tena kabla hujaamua, mwambie habari ya mkono, kwa kuwa ni kweli na mtandao umeshasingiziwa. Nami niandikie baada ya kuonana na daktari, hata kama hilo la rangi bado hujalijibu.